Kuamia Ndege kwa Umeme wa Jua: Niliyoyaona Nilipojenga Kifaa Changu cha Kwanza

Nilianza kwa hasira, wala si kwa kupenda elektroniki. Kitalu cha miche nilichokipanda mara mbili kilikuwa kimedonolewa mara mbili, na kila asubuhi nilikuta vijiti visivyo na majani, huku njiwa wawili watatu wakitembea katikati ya mistari kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Wavu uliwanasa ndege ambao sikutaka wafe. Kitambaa chekundu nilichokifunga kwenye kijiti kilifanya kazi siku tatu, kisha kijiti chenyewe kikawa mahali pao pa kupumzikia. Kwa kuwa sikuweza kushinda bustanini kuamia ndege, niliamua kutengeneza kitu cha kuniamia: sensa itakayotambua ndege anapotua, mkono mwepesi utakaogeuka ghafla ukiwa na utepe unaong'aa, na paneli ndogo ya sola ili kifaa kikae nje bila kuvutiwa waya kutoka nyumbani. Nilikadiria kazi hiyo ingenichukua wikendi mbili. Ilinichukua miezi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda kwenye kuandika programu, jambo nililoliogopa tangu mwanzo, bali kwenye maswali mawili ambayo sikuwa nimejiuliza kabisa: sensa inaona nini hasa, na umeme unakwenda wapi wakati hakuna kinachotendeka.

Kosa la kwanza nililifanya hata kabla ya kushika waya. Nilinunua kipaza sauti kidogo cha ultrasoniki, nikiamini kwamba sauti ambayo mimi siisikii itawakera ndege bila kuwakera majirani. Nilikiwasha, nikakaa pembeni kutazama, na njiwa wakaendelea kudonoa chini yake. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ndege kwa jumla husikia vizuri zaidi sauti za kati ya kilohezi 1 na 4, na wengi wao hawasikii chochote kinachozidi kilohezi 10 hivi, ilhali ultrasoniki huanzia kilohezi 20. Sauti ambayo sisi hatuisikii, wao hawaisikii zaidi. Aliyeipata vizuri ni mbwa wa jirani, ambaye hakuwa na hatia yoyote. Nilikiweka kando siku hiyohiyo, nikabaki na wazo la mkono unaogeuka.

Ujuzi wangu wakati huo ulikuwa wa kuwasha taa ya LED kwa betri na rezista, basi. Nikachukua bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, kwa sababu mafunzo mengi ya wanaoanza yameandikwa kwa ajili yake, sensa ya mwendo ya HC-SR501, mota ndogo ya sevo ya SG90, yaani mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, betri moja ya litiamu ya 18650, moduli ya kuchaji ya TP4056, moduli ya kupandisha volti za betri hadi 5, na paneli ya volti 6 yenye nguvu ya wati 1. Juu ya meza, kwenye ubao wa majaribio wenye matundu, kila kitu kiliungana jioni moja. Nilipitisha mkono mbele ya sensa, sevo ikageuka, nikacheka peke yangu. Kitu pekee kilichonishtua ni kwamba katika dakika ya kwanza baada ya kuwashwa, sensa ilitoa ishara ovyo ovyo kana kwamba imeharibika. Hiyo ni tabia yake: inahitaji karibu dakika nzima kuzoea joto la mazingira iliyomo, na anayeanza akilijua hilo mapema atajiokoa na kurudisha dukani kitu kizima.

Basi nikakifungia kifaa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha kioo, nikiona fahari kwamba mvua haitaingia na sensa itachungulia nje vizuri. Nilikisimika bustanini, nikapita mbele yake, kimya. Nikapunga mikono, kimya. Nilikirudisha ndani, na kwa jioni mbili mfululizo nikabadilisha programu, nikahamisha nyaya, nikazungusha skrubu ndogo mbili za sensa, ile ya umbali na ile ya muda, bila mafanikio yoyote. Jioni ya tatu nilifungua kifuniko ili nitazame kama waya umechomoka, na kabla mkono wangu haujagusa kitu, sevo ikaruka. Nikafunga kifuniko, kimya. Nikafungua, ikaruka. Nilirudia hivyo mara nne au tano nikiwa nimepiga magoti sakafuni, nikikitazama kile kioo safi ambacho macho yangu yalipenya bila taabu.

Sensa hiyo haitumii mwanga tunaouona. Inapokea mionzi ya joto, ile ya infraredi ambayo mwili wenye joto huitoa kwa wingi katika urefu wa mawimbi wa karibu mikromita 10, na kwa mionzi hiyo kioo cha kawaida ni ukuta. Hata plastiki nyingi ngumu zinazoonekana angavu huizuia. Ndiyo maana kile kikuba cheupe kinachofunika sensa, ambacho nilidhani ni cha kukinga vumbi tu, kimetengenezwa kwa politheni, plastiki inayoonekana kama ina ukungu lakini inapitisha joto, na kimechongwa vilenzi vidogo vingi vya kukusanya mionzi kutoka pande mbalimbali. Nilitoboa kifuniko, nikakitokeza kikuba nje, nikaziba ukingo wake kwa silikoni. Tatizo la siku tatu likaisha kwa tundu moja.

Hapo nikaanza kuamini kwamba nimemaliza. Nilikuwa nimekijaribu kifaa kwa mwili wangu mwenyewe, na kwa umbali wa mita 6 kilinitambua kila mara. Njiwa, hata hivyo, si mtu. Ndani ya sensa mna vipande viwili vinavyopokea joto, vimeunganishwa kwa namna ya kupingana, hivi kwamba joto likiongezeka kwa vyote viwili kwa pamoja hakuna kinachotokea. Ishara hutoka pale tu kitu chenye joto kinapokatiza kutoka eneo la kipande kimoja kwenda la kingine. Mtu ni kitu kikubwa, chenye uso na mikono iliyo wazi. Ndege ni mdogo, na manyoya yake yanazuia joto lisitoke, kwa hiyo ingawa ndani mwili wake una nyuzi 40 na zaidi, nje anakaribia joto la hewa iliyomzunguka. Mchana, udongo unapopata jua kali na kufikia joto la namna hiyo, sensa haioni tofauti yoyote kati ya njiwa na ardhi anayoikanyaga. Nilikaa na daftari siku nne nikiandika: asubuhi na mapema ndege aliyekuwa umbali wa mita 2 alitambuliwa karibu kila mara, wa mita 4 mara chache, na saa sita mchana hata wa mita 2 aliweza kula kwa raha zake. Bahati ni kwamba ndege wenyewe huja zaidi asubuhi na jioni.

Nililolifanya ni kuacha kuitazama sensa kama jicho moja la kulinda bustani nzima. Niliishusha hadi karibu na ardhi, kimo cha goti, nikaiweka pembeni mwa kitalu badala ya kichwani mwake ili ndege wanaotembea kati ya mistari waikatize badala ya kuijia moja kwa moja, kwa kuwa kitu kinachoijia uso kwa uso hakibadilishi kitu sana katika vile vipande viwili. Nikakubali kwamba kifaa kimoja kinalinda eneo la hatua mbili tatu tu. Anayetaka kulinda shamba kubwa kwa sensa ya aina hii anajidanganya, na ni afadhali alijue hilo kabla ya kununua vipuri.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo ni ishara za uongo. Niliongeza kihesabu kwenye programu, na siku moja yenye upepo kiliniambia kwamba mkono umegeuka mara 312, ilhali kwa macho yangu sikuwa nimewaona ndege hata ishirini. Yalikuwa majani yaliyopashwa moto na jua, yakiyumba mbele ya sensa. Nilijaribu kuitaka programu isubiri ishara mbili ndani ya sekunde kumi kabla ya kutenda, na kweli majani yalinyamaza, lakini ndege nao wakanyamaza, kwa sababu ndege mdogo mara nyingi hutoa ishara moja tu kisha anatulia kula. Niliifuta sehemu hiyo ya programu. Dawa ilikuwa kipande cha bomba jeusi cha urefu wa vidole vitatu, nilichokivika kwenye kikuba ili kipunguze upana wa eneo linalotazamwa, pamoja na kuigeuza sensa ielekee upande ambao jua la asubuhi haliingii. Mageuko ya uongo yalishuka hadi chini ya arobaini kwa siku, nami nikaona hayo yanavumilika.

Sasa nije kwenye umeme, ambako nilipoteza muda mwingi kuliko kwingine kote. Kifaa cha kwanza kilizimika asubuhi ya tatu. Nilikichaji ndani, nikakirudisha, kikazimika tena asubuhi ya tatu. Nililaumu betri, nikalaumu paneli, nikaifuta paneli vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kana kwamba hilo ndilo lililokosekana. Mtu mmoja mwenye uzoefu aliniuliza swali fupi: "Kinakula miliampea ngapi kikiwa kimetulia?" Sikuwa na jibu, na niliona aibu, maana multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nilikuwa nayo na sikuwahi kuitumia kwa kupima chochote isipokuwa volti.

Kupima mkondo kuna utaratibu wake, na mimi nililipia ada kwa fyuzi moja: nilihamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea, kisha nikaugusisha kwenye ncha mbili za betri kama ninayepima volti. Huko ni kupiga shoti betri kupitia multimita. Mkondo hupimwa kwa kukata njia na kuiweka multimita katikati, ili umeme wote upite ndani yake. Nilipoifanya kazi hiyo sawasawa, kifaa kikiwa kimetulia kabisa, mkono haugeuki, hakuna ndege, multimita ilionyesha miliampea 80. Kwa saa 24 hizo ni miliampea-saa 1,920. Paneli ya wati 1, hata ikipata saa 5 za jua zuri na kutoa miliampea 150 muda wote huo, inaleta 750. Kila siku nilikuwa ninakopa 1,170 kutoka kwenye betri yenye 2,600. Asubuhi ya tatu haikuwa siri tena, ilikuwa hesabu ya kutoa.

Kosa si la bodi, kwa maana Uno imekusudiwa kukaa mezani ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta, na vipande vyake vya kuwasiliana na kompyuta, taa yake ya kuonyesha kwamba imewaka na mfumo wake wa kushusha volti hula umeme muda wote, hata mikrokontrola yenyewe, yaani chipu inayoendesha programu, ikilala. Nilihamia kwenye bodi ndogo ya aina ya Pro Mini ya volti 3.3, nikaing'oa taa yake kwa ncha ya kisu, nikaandika programu inayoilaza usingizi mzito mpaka sensa iiamshe. Moduli ya kupandisha volti niliiondoa kabisa, na kwa kuwa HC-SR501 inataka angalau volti 4.5, niliibadilisha kwa AM312, sensa ndogo zaidi inayoridhika na volti 2.7 na kuendelea, na inayotumia mkondo mdogo mno. Sevo nayo hula hata ikiwa imesimama, kwa hiyo niliiwekea transista, swichi inayoamriwa na programu, ya kuikatia umeme. Mara ya kwanza niliikata upande wa hasi, nikashangaa kuiona bado inatikisika. Umeme ulikuwa umepata kichochoro kupitia waya wa ishara. Nilipoikata upande wa chanya ikatulia. Baada ya yote hayo multimita ilisoma miliampea 0.18. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama mche wowote.

Kwa hesabu mpya, usingizi wa siku nzima unagharimu miliampea-saa zisizofika 5, na mageuko 60 ya sekunde nne nne, kwa wastani wa miliampea 200, yanagharimu takriban 13. Betri ileile ingeweza kukaa zaidi ya miezi mitatu bila kuona jua, na paneli ambayo niliidharau sasa ilikuwa kubwa kupita mahitaji. Laiti ningeanza na hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kununua kitu chochote! Siku hizi mtu akinionyesha mpango wa kifaa cha sola, jambo la kwanza ninalolitafuta ni namba hiyo ya kutulia, na mara nyingi haipo.

Kuchaji nako kulikuwa na kasoro moja. Moduli ya TP4056 kwa kawaida hupangwa kuomba ampea 1 nzima, ilhali paneli yangu haiwezi kutoa hata robo yake, hivyo volti za paneli zilikuwa zinaporomoka kila moduli ilipojaribu kuvuta. Kuna rezista moja ndogo inayopanga kiasi hicho. Niliitoa ile ya kiloomu 1.2 nikaweka ya 10, na mkondo wa kuchaji ukashuka hadi miliampea 130 hivi, kiasi ambacho paneli inakimudu. Hii ndiyo ilikuwa kazi yangu ngumu kuliko zote za kulehemu, kwa sababu rezista hiyo ni ndogo kama punje ya mchanga. Kuhusu kulehemu kwingine sina mengi: pasha moto waya na mguu wa kifaa kwanza, kisha uipeleke risasi pale, wala usiidondoshe kutoka kwenye ncha ya chuma. Na betri ya litiamu usiilehemu moja kwa moja kamwe. Tumia kishikio chake, kwa maana joto linaiharibu na linaweza kuiwasha.

Kulibaki kitendawili kimoja ambacho bado hunifurahisha. Kifaa kipya kilipoona ndege, mkono uliruka kidogo, ukasimama, ukaruka tena kidogo, ukasimama, kama mtu mwenye kwikwi. Multimita ilionyesha volti 3.9 bila kutetereka. Ukweli ni kwamba multimita ni nzito wa macho: sevo inapoanza kugeuka huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, volti zinaporomoka katika nyaya nyembamba na vishikio vilivyolegea vya ubao wa majaribio, mikrokontrola inazimika na kuwaka upya, inaanza programu mwanzo, inaamuru sevo igeuke, na volti zinaporomoka tena. Yote hayo yanapita kabla namba ya kwenye kioo cha multimita haijapata nafasi ya kubadilika. Niliweka kapasita ya mikrofaradi 1,000, kama tangi dogo la akiba ya umeme, karibu kabisa na sevo, nikiwa mwangalifu mguu wenye mstari uende kwenye hasi, na nikavuta nyaya nene za sevo moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kwikwi ikakoma. Kwa volti za betri pekee sevo hugeuka polepole kuliko inavyogeuka kwa volti 5, lakini njiwa hawajalalamika.

Wiki ya kwanza hakuna ndege aliyerudi. Wiki ya tatu nilimwona mmoja akiruka hatua mbili nyuma mkono ulipogeuka, akasubiri utulie, akarudi. Alikuwa amejifunza urefu wa mkono na muda wa mzunguko, pengine kuliko mimi niliyeuandika. Nilibadilisha programu ili kila mara mkono uchague pembe, kasi na idadi ya mageuko kwa kubahatisha, nikagundua kwamba bahati nasibu ya mikrokontrola huanza na mfuatano uleule kila inapowashwa upya, mpaka uipe mbegu tofauti, yaani namba ya kuanzia. Nami niliichukua mbegu hiyo kutoka kwenye mguu usiounganishwa na kitu, ambao volti zake hazitabiriki. Hilo lilisaidia. Lililosaidia zaidi, nakiri, halihusiani na elektroniki: kila baada ya siku nne au tano ninang'oa kijiti kilichobeba kifaa na kukisimika mahali pengine.

Kisanduku sasa ni cheupe na kimekaa kivulini chini ya paneli ili betri isipikike, nyaya zinaingia kwa chini baada ya kuning'inia kidogo ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu, na kuna kitobo kimoja chini cha kutolea unyevu. Miche ya awamu ya tatu imesimama, si yote, lakini mingi.

Juzi niliona betri imeshuka hadi volti 3.6 baada ya wiki nzima ya jua kali. Nilipokwenda kutazama nilikuta doa jeupe, kubwa kama sarafu, juu ya paneli. Paneli hiyo ina seli 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, na moja ikifunikwa, nyingine zote hubanwa na hiyo moja. Aliyeliacha doa hilo alikuwa bado yupo, ametulia juu ya paneli, mahali pekee bustanini ambapo sensa yangu haiwezi kumwona. Nimeiinua paneli zaidi ili ateleze, na ukingoni nimefunga uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Kesho asubuhi nitatazama.